Mashine ya presha ya maji ya nyumbani: uliza kwanza kama inavuta maji kwenye pipa

Mwaka jana nilinunua Kariakoo mashine ya presha ya kuoshea gari na kutoa ukungu wa kijani kwenye pevingi za uani. Muuzaji alinisifia bar, yaani kipimo cha msukumo wa maji, akanionyesha bunduki na chupa ya sabuni. Hakuniuliza maji ya kwangu yanatoka wapi. Naishi Tabata. Maji ya bomba huja kwa zamu, tunayakinga kwenye simtank lililokaa chini, na yakitoka humo hayana msukumo wowote. Mashine ile ilihitaji kusukumiwa maji. Ilinguruma kavu, na siku ya tatu pampu ikaanza kuvuja. Fundi alipoifungua, sili, zile raba za kuzuia maji yasivuje, zilikuwa zimeungua.

Ndiyo maana hapa sianzi na bar. Tope la gari linatolewa na karibu kila mashine ya nyumbani. Cha kuuliza ni kama inavuta maji yenyewe kwenye pipa.

Ya kwanza kwangu ni Kärcher K4, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hii ya Ujerumani. Ina bar 130, lita 420 kwa saa na wati 1,800, na inavuta kwenye pipa. Mpira wa kuvutia wenye chujio huuzwa peke yake, kwa hiyo uutengee fedha. Uso wa maji usiwe chini ya mashine kwa zaidi ya nusu mita; mwenye tanki la ardhini apandishe maji kwenye pipa kwanza. Ya pili ni K2 ya kampuni hiyohiyo: bar 110, lita 360, wati 1,400. Kwa gari dogo inatosha kabisa. Ya tatu ni Bosch UniversalAquatak. Nayo inavuta, ila mimi nimehangaika kupata vifaa vyake.

Mashine za Ingco na Total ni nafuu na zimejaa madukani. Usilipe kabla hujaiona ikivuta maji kwenye ndoo.

Ukifika nayo nyumbani, jaza maji kwenye mpira wa kuvutia kabla ya kuufunga. Bonyeza bunduki, washa, uache maji yatoke mpaka mapovu ya hewa yaishe, ndipo ufunge mkuki, ile fimbo ndefu ya mbele ya bunduki. Ikikaa dakika mbili bila kutoa maji, zima, usiilazimishe.

Ekstensheni ya kuchajia simu haifai. Mpaka mita 10 tumia waya wa milimita za mraba 1.5, kutoka hapo hadi mita 30, wa 2.5. Uukunjue wote, maana ukibaki kwenye roli unachemka, na soketi isilale kwenye maji. Mwambie fundi umeme afunge kikata umeme cha miliamp 30, kinachozima umeme ukivuja. Vaa buti, si ndala. Kwenye tairi na rangi ya gari simama sentimita 30 au zaidi. Na watoto wasiguse bunduki: maji haya hupenya ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kama tundu la sindano huku ndani nyama imeharibika, kwa hiyo nenda hospitali saa ileile. Ukimaliza, zima, kisha bonyeza bunduki presha iishe ndipo ufungue mipira.

Linaloniuma mpaka leo ni risiti. Dukani nilitajiwa bei mbili, ya kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ya bila risiti, nami nikachukua ya chini. Niliporudi na mashine iliyokufa, kijana yuleyule alinitazama kama hajapata kuniona. Dhamana ya miezi sita aliyoniahidi kwa mdomo haikuandikwa popote. Risiti ni haki ya mnunuzi na bei yake imo ndani ya bidhaa. Kwa nini tuuziwe kama kitu cha ziada? Safari hii nilikwenda na ndoo yangu. Maduka mawili yalikataa kujaribu. La tatu walichota maji, wakawasha mbele yangu, na risiti wakanipa bila kuombwa.