Salfa ya pakiti: ubwiri unga yauweza, komba haimwezi

Ukiambiwa dukani Malindi kwamba harufu ya salfa hufukuza na komba pia, nunua dawa, maneno yaache hapo hapo.

Kwa ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu wa mwembe, salfa ya asilimia 80 ya kuchanganya na maji yastahili sifa. Kuvu hii haitoboi embe. Hutanda juu ya ua, ikaingiza vijizizi ndani yake na kunyonya. Mashada huonekana kama yamemwagiwa unga wa sima, kisha hukauka na vijiembe vya ukubwa wa mbaazi kupukutika. Haingoji mvua, usiku wa baridi na unyevu waitosha, na upepo huisambaza. Miembe ya aina za Ngowe na Apple huumia sana.

Pima gramu 50 kwa pampu ya lita 20. Koroga kwanza kwenye ndoo mpaka iwe uji mwepesi, ndipo umimine. Pampu itikiswe kila mara, kwa kuwa salfa haiyeyuki, huelea tu. Ikituama mti mmoja hupata tope, mwingine maji matupu, na nozo huziba. Anza mashada yakichomoza, rudia kila siku 10 hadi 14 mpaka vijiembe vishike. Ukichelewa umepoteza: salfa hukinga, na shada lililokwisha kuwa jeupe halirudi. Piga asubuhi mapema. Joto likipita nyuzi 32 huunguza maua, na mkulima huilaumu dawa. Mti uliopigwa dawa ya mafuta usubiri wiki mbili. Miwani ni lazima, macho huwasha vibaya.

Komba hana haja na unga wako. Huja usiku embe likianza kuiva, akauma hili, akaliacha nusu likining'inia, akahamia lile. Mnyama anayesifika kwa kuingia kibuyu cha mgema akalewa mnazi atishwe na salfa? Kata matawi yanayogusana na miti ya jirani, maana huruka zaidi ya mita mbili, na chuma embe likijaa mabega kabla halijalainika, litaivia ndani. Sumu usitege: ni mnyama wa porini, sheria yamlinda.

Kasoro ya bidhaa yenyewe ni pakiti. Ikishafunguliwa huvuta unyevu wa pwani, unga ukaganda mabonge yasiyokorogeka. Hamishia kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, na dukani ibonyeze kabla ya kulipa.