Programu ya ujumbe "isiyosumbua" inayokusumbua ili ikupongeze

Nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Programu hii ya kutumiana ujumbe inajinadi kwa jambo moja tu: haitakusumbua. Ujumbe unakusanywa na kuletwa kwa mikupuo mitatu, saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, basi. Hakuna tiki za bluu. Hakuna lile neno "anaandika…" linalomfanya mtu akodolee kioo kama anayengoja treni iliyokwama Tabora. Hakuna namba nyekundu juu ya alama yake. Safi kabisa. Halafu saa 4 asubuhi simu inalia, unaichomoa mfukoni, unakuta: "Hongera! Umekaa saa 2 bila kushika simu."

Si ndiyo nimeishika sasa! Mmenishikisha nyie!

Na si pongezi tu. Kuna moto. Kila siku unayokaa kimya moto unaongezeka namba. Ukifungua programu nje ya saa zake unazimika, na inakuja arifa ya kukupa pole. Ni mtego uleule wa Snapchat, wa kuhesabu siku mfululizo ambazo watu wawili wametumiana picha, hadi hakuna anayethubutu kukatisha. Mtu hafungui tena kwa kuwa ana la kusema, anafungua kulinda namba. Huwezi kuubeba mtego huo ukaupaka rangi ya kijani ukauita utulivu.

Haya, tuizime hiyo pongezi. Hapa ndipo nilipopandisha. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, mtengenezaji anatakiwa agawe arifa zake katika makundi: ujumbe peke yake, simu peke yake, matangazo peke yake, na mwenye simu azime analotaka. Kukagua ni rahisi: ingia Mipangilio, Programu, chagua programu, kisha Arifa. Iliyotengenezwa kwa heshima utakuta mistari minne mitano, kila mmoja na swichi yake. Hii ina mstari mmoja, wenye lile jina la jumla linalojitokeza lenyewe mtengenezaji asipojisumbua kupanga chochote. Ukizima pongezi umezima na ujumbe. Ukiacha ujumbe, pongezi hizo hapo.

Huduma kwa wateja wakanijibu: "Ndugu mteja, kipengele hicho kinapendwa na wengi, jitahidi kukizoea." Nikizoee! Yaani mgonjwa ni mimi.

Lakini haki yao niwape. Mikupuo wameipatia, na orodha ya dharura ndiyo iliyonizuia kuifuta. Unachagua watu ambao ujumbe wao unapita papo hapo, na hata ndani ya grupu unaweza kuruhusu wanachama wawili tu wakuamshe. Kwa mtu wa Kibirizi, mwalo wa dagaa wa Kigoma, hili ni jambo kubwa. Mitumbwi ya dagaa inavua usiku kwa taa, inarudi mwaloni alfajiri, na bei inapangwa palepale. Bei ya saa 12 na nusu ikikufikia saa 2, dagaa wameshachukuliwa. Kwenye grupu wanaotaja bei ni wawili watatu. Waliobaki ni "asubuhi njema" zenye maua, dua na video za vichekesho. Hao wasubiri mkupuo. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu, unazima orodha yote ulale. Kwenye WhatsApp, grupu ulilolinyamazisha bado linaweza kukuita mtu akikutaja kwa alama ya @, na kila grupu lina bingwa wa kutaja watu.

Kuhusu kuchelewa, lawama tugawane. Mkupuo wa saa 7 unaweza kufika saa 8 na kitu, pale unapowasha kioo. Android tangu toleo la 6 hulaza programu simu ikiwa imetulia bila kuguswa wala kuchomekwa chaji, na programu hii inategemea kengele ya ndani ya simu badala ya kuamshwa na seva, yaani kompyuta ya mtengenezaji. Juu ya hapo, simu nyingi za bei nafuu zina mlinzi wake wa betri anayeua programu moja kwa moja. Dawa: Mipangilio, Betri, tafuta jina la programu, weka bila vikwazo. Kisha kwenye programu zilizofunguliwa karibuni ifungie kufuli isifagiliwe. Na zima picha kujipakua zenyewe unapotumia data, maana mkupuo ukishusha picha sitini kwa pamoja, bando la siku limekwenda na maji.

Kwa kazi yenyewe ningetoa 4. Hiyo 1 ni ya hasira, na inabaki hadi waongeze kundi la pili la arifa, kazi ya mistari michache tu ya msimbo kwa fundi anayejua. Basi tuseme 2. Ila ule moto… hapana, 1.