Stata ya gia kwa Perkins 4.236: inunue, ila nyaya kwanza

Kwa mwenye boti au jenereta yenye injini ya dizeli ya Perkins 4.236 hapa Mombasa, stata (mota ya kuwashia injini) ya gia ya volti 12 ina thamani ya pesa yake. Mota ni ndogo, inazunguka mbio, na gia zilizo ndani zinageuza mbio hizo kuwa nguvu kwenye pinioni, ile gia ndogo ya mbele inayozungusha injini. Inavuta umeme mdogo kuliko ile nzito ya zamani, na tofauti utaisikia mara moja. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa; injini ikizungushwa polepole, hewa inavuja kwenye ringi za pistoni, joto linapotea, unabaki na moshi mweupe tu.

Dukani, nenda na stata yako kuukuu. Linganisha idadi ya meno ya pinioni, matundu ya bolti na upande inakozungukia. Meno yasipooana, utakula flaiwili (gurudumu la injini lenye meno ambayo pinioni hushika), na hiyo ni kazi ya kushusha gia boksi.

Sasa nyaya, na hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Hewa ya chumvi huingia ndani ya ganda la waya na kugeuza shaba kuwa unga wa kijani, hali nje unaonekana mzima. Vuta kizimio ili injini isiwake, piga stata, na mtu aweke multimita (kipima umeme) kutoka nguzo yenyewe ya chanya ya betri (si kwenye klempu) hadi bolti ya stata inapofungwa waya huo mnene wa betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya au viungo vimekwisha. Upande wa hasi, pima kutoka nguzo hadi bodi ya stata, isizidi 0.3. Waya mpya uwe wa milimita mraba 50 au 70, wa shaba iliyopakwa bati.

Unapofunga, chomoa hasi kwanza, kisha kwangua rangi na kutu pale stata inapokaa, maana umeme unarudia hapo. Ongeza rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampea 40 kwa ajili ya solenoidi, ile sumaku ya umeme inayosukuma pinioni na kuunganisha umeme wa stata. Swichi ya ufunguo iliyochakaa haiwezi kubeba umeme wa solenoidi, utasikia "tak" na kimya.

Udhaifu wa stata hii ni maji. Solenoidi nyingi hazijazibwa vizuri, kwa hiyo kwenye boti ambayo maji ya ngama (chini kabisa ndani ya boti) hupanda hadi usawa wa stata, tafuta ya baharini hata kama ni ghali zaidi.