Kumwaga oili Arusha na Moshi: kituo cha mafuta, gereji au uani kwako?

Tuanze na pesa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea hesabu. Arusha na Moshi, ufundi wa kumwaga oili ni sehemu ndogo sana ya bili. Kinachokula pesa ni oili yenyewe na filta. Vituo vingi vya mafuta havitozi ufundi ukinunua oili kwao, na fundi wa mtaani naye hadai kikubwa. Anayetaka kujimwagia mwenyewe ili aokoe gharama atalazimika kwanza kununua spana, kikombe cha kufungulia filta, beseni, faneli na stendi mbili za jeki, na vifaa hivyo vitachukua miaka kurudisha bei yake kwa gari moja la nyumbani.

Faida halisi ya kuifanya mwenyewe, au ya kusimama pale inapofanywa, ni uhakika: oili gani imeingia, kiasi gani, na kama filta imebadilishwa kweli au imefutwa vumbi tu. Kwa kipimo hicho tunapima huduma zote hapa. Mfano wetu ni injini ya 1NZ-FE ya cc 1500, iliyomo kwenye Toyota IST, Spacio na Probox nyingi zinazozunguka Kijenge na Njiro za Arusha na Majengo ya Moshi. Injini hii inachukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta, na lita 3.4 bila filta. Zishike namba hizo mbili.

Kituo cha mafuta

Kizuri chake ni sakafu ya saruji, shimo au lifti, na oili inayotoka moja kwa moja kwa kampuni yenye jina lake ubaoni. Hatari ya kuuziwa oili ya kughushi hapo ni ndogo kuliko dukani pembeni mwa barabara. Kwa mtu mwenye haraka, ni huduma inayotosha.

Tatizo la kwanza ni dumu. Oili nyingi huuzwa kwa lita 4 au 5, na kijana wa kituo hupenda kumimina dumu la lita 4 lote na kulitikisa hadi tone la mwisho, akiamini anakutendea haki. Kwa 1NZ-FE umezidisha lita 0.3. Kama filta haikubadilishwa, umezidisha lita 0.6, na hilo si jambo la kupuuza. Oili ikipanda sana, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga ikiwa inazunguka na kuijaza mapovu. Pampu ikivuta mapovu, presha hushuka, na sili za kranki huanza kuvuja. Mwambie mapema: "Mimina tatu na nusu, kisha tupime." Oili iliyobaki dumuni ni yako, ondoka nayo.

Tatizo la pili ni filta. Vituo vingi havina filta ya kila gari, na ikikosekana utaambiwa iliyopo bado nzima, utabadilisha safari ijayo. Usikubali. Filta ya zamani inabaki na robo lita hivi ya oili chafu ambayo inachanganyika na mpya dakika hiyo hiyo. Nenda na filta yako mkononi. Ya Toyota kwa injini hii ni 90915-YZZE1, na washa (pete bapa inayokaa kati ya nati na injini) ya nati ya kumwagia oili ni 90430-12031. Washa hiyo ni kitu kidogo ambacho karibu hakuna kituo kinachokibadilisha, na ndiyo sababu magari mengi yana ile doa nyeusi chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

La tatu ni haraka. Nati inafunguliwa, oili inatiririka, na ikigeuka uzi mwembamba tu tayari nati inarudishwa. Omba wasubiri mpaka matone yawe yanahesabika, kama dakika kumi, injini ikiwa bado na joto.

Gereji

Gereji za Unga Limited, Arusha, na wenzao wa Moshi mjini zina faida ambayo kituo hakina: fundi anajua gari. Akiwa chini ya injini ataona buti la draivu shafti lililochanika, mpira wa stabilaiza uliokwisha, au rejeta inayovuja. Macho hayo yana thamani kuliko kazi yenyewe ya kumwaga oili. Ukimpata fundi wa namna hiyo, mtunze.

Lakini kuna mazoea ya kukataa. Baadhi hupuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la oili ili "kutoa oili yote". Kompresa ambayo tangi lake halimwagwi maji kila siku hupuliza unyevu na kutu ndani ya injini, na oili chache inayotoka kwa njia hiyo haifai hatari hiyo. Wengine hushauri dawa ya kusafisha injini kila servisi. Kwenye injini iliyotunzwa haina kazi. Kwenye injini iliyojaa tope, inaweza kubandua vipande vinavyokwenda kuziba chujio la pampu. Dawa ya injini chafu ni kumwaga oili mapema mara mbili tatu mfululizo, kila baada ya kilomita elfu moja na kitu, na filta mpya kila mara.

Zoea baya kuliko yote ni kukaza nati kwa bomba refu. Nati ya 1NZ-FE ni namba 14 na inahitaji nyutoni mita 37 hivi, nguvu ambayo mkono mmoja kwenye spana ya kawaida unaifikia bila kukunja uso. Fundi akiongeza bomba kwenye spana anavuta nyuzi za tundu la sampu, na siku ya tatu au ya nne zinaondoka zote. Hapo utawekewa nati kubwa zaidi iliyolazimishwa, ambayo itavuja, au ununue sampu nyingine. Ukiona bomba linakaribia gari lako, sema.

Uani kwako

Hii inamfaa mwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Kwenye udongo wetu wa volkano, hasa baada ya mvua za masika, jeki huzama polepole huku wewe uko chini. Kama huna saruji, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake hata kwa sekunde kumi. Mawe nyuma ya magurudumu, breki ya mkono juu, gia kwenye P. Mwenye Land Cruiser au Hilux ana bahati: gari liko juu kiasi cha kuteleza chini yake bila kuinua chochote, na kwake kujimwagia ni jambo la busara kabisa.

Washa injini dakika tano, ipate joto lakini isichemke. Fungua mfuniko wa juu wa oili kwanza, ili hewa iingie na oili ishuke bila kukatakata. Beseni liwe la lita 5 au zaidi, na ulisogeze kidogo mbali na nati, kwa sababu oili huruka mbali mwanzoni kisha inarudi karibu kadiri inavyopungua. Nati ilegeze kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukumia ndani, halafu itoe kwa mara moja.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ni nati ya injini. Gari la otomatiki lina nati nyingine ya giaboksi jirani hapo, na kosa hili linatokea hata kwenye gereji: giaboksi inamwagwa, kisha injini yenye oili yake yote inaongezewa nyingine. Gari linatoka likiwa na giaboksi iliyopungukiwa oili na injini iliyofurika. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia. Ya giaboksi kwa kawaida ina wekundu. Ukiona wekundu, funga hapo hapo, na usiwashe gari mpaka giaboksi imerudishiwa oili ya aina yake.

Filta inafikiwa kwa chini. Kikombe cha kuifungulia kinunue baada ya filta, ukijaribu kimoja kimoja dukani mpaka kikae sawasawa, maana kilicholegea milimita moja kitazunguka bure. Filta ikitoka, tazama mpira wake. Kama haupo, umebaki umeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili itakaa vizuri injini ikiwa kimya, na itafyatuka presha ikipanda. Gari linaweza kumwaga oili yote kabla hujatoka Sakina kufika mjini. Futa uso wa injini kwa kitambaa kisicho na nyuzi, paka oili mpya kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kikombe ni cha kufungulia, kukaza ni kwa mkono.

Nati irudi na washa mpya, ianze kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikigoma kwa vidole, imeshika upande. Itoe uanze upya. Mimina lita 3.4, washa injini. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Ikizima, iache injini iungurume dakika moja, chungulia chini kwenye nati na filta, zima, subiri dakika tano gari likiwa sawa kabisa, ndipo upime kwa kijiti. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu. Kesho yake asubuhi pima tena kabla ya kuwasha na tazama sakafu.

Oili ipi

Hapa ndipo kituo, gereji na duka vinapokupa jibu moja: 20W-50, namba zinazoonyesha uzito wa oili. Ilifaa injini za zamani, na inafaa hadi leo kwa injini iliyochoka inayokula oili. Lakini 1NZ-FE ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa kufunguka kwa vali, unaosukumwa na presha ya oili kupitia vali yenye chujio dogo sana, na ina cheni ambayo kikazio chake nacho kinategemea oili. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli. Oili nzito inachelewa kupanda juu, na mkwaruzo wa cheni unaousikia sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndio ushahidi. Kwa injini nzima chukua 5W-30 au 10W-30 yenye alama ya ubora ya API SN au SP nyuma ya dumu. SP ndiyo mpya kati ya hizo, ya mwaka 2020. Injini iliyochakaa kiasi ipewe 10W-40. Moshi kuna joto zaidi lakini jibu halibadiliki. Injini ya dizeli ni habari nyingine: soma nyuma ya dumu utafute CI-4 au CH-4, alama za oili ya dizeli, na usikubali ya petroli eti "zote ni oili".

Kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, ni kipimo kizuri kwa matumizi ya hapa yenye safari fupi za mjini na vumbi. Gari la utalii lipunguziwe hata hapo. Likisimama injini ikiwaka huku wageni wanatazama simba, kilomita hazisogei lakini oili inachakaa. Wenye magari hayo wahesabu saa za injini pamoja na kilomita.

Kwa hiyo uamuzi wetu kwa gari la kawaida ni huu: nunua oili na filta mwenyewe kwa wakala au kituo unachokiamini, nenda kwa fundi mwenye shimo, mlipe ufundi wake bila kulalamika, na simama pale mpaka kijiti kisomeke. Uani kwako ni chaguo la pili, zuri kwa mwenye gari la juu au anayependa kazi hii. Kituo cha mafuta ni cha tatu, na kinapanda kuwa cha pili ukienda na filta yako na kudhibiti kipimo.

Oili chafu

Ukijimwagia nyumbani, utabaki na karibu lita nne za uchafu. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro ya Arusha inaishia mito ya Themi na Naura, na Moshi mfereji unaopita nyuma ya nyumba yako unamwagilia ndizi na mboga za mtu aliye chini yako. Irudishe kwenye dumu lililotoka oili mpya, kaza mfuniko, na uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Mara nyingi watakushukuru, kwa sababu wana wanunuzi. Fundi seremala naye huitumia kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Madumu mengine matupu yatoboe tundu kubwa kabla ya kuyatupa, maana dumu zima lenye nembo nzuri ndilo malighafi ya wanaojaza oili ya kughushi.