Huduma kwa wanafunzi wenye ADHD (hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kuwa makini) chuoni: nyota nne kati ya tano

Nilitarajia mahubiri ya kujituma. Badala yake mshauri aliniuliza nilivyokuwa kabla ya miaka 12, maana dalili za ADHD huanza utotoni, akaomba ripoti zangu za shule. (Karibu zote: "Ana akili, ila mawazo yako dirishani.") Daktari alipothibitisha, nikapewa nyongeza ya robo ya muda kwenye mitihani na chumba kitulivu. Kilichonifaa zaidi, hata hivyo, ni kuketi na mwanafunzi mwingine, kila mtu na kazi yake, bila soga. Tasnifu imeanza kusogea. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya fomu: kurasa tele, siku ya mwisho isiyosogezwa, na wanaojaza ni sisi tunaosahau fomu!