Tathmini: Filamu fupi ya ndani ya HMS Terror, kwa gharama ya bando tu

Mabaki ya HMS Terror, meli iliyopotea Aktiki pamoja na HMS Erebus katika safari ya Sir John Franklin, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, iliyoanza Uingereza mwaka 1845, hayaruhusiwi kutembelewa bila kibali cha maandishi. Kwa sisi wengine ipo filamu fupi ya Parks Canada, shirika la serikali ya Kanada linalosimamia hifadhi na maeneo ya kihistoria, ambayo hutazamwa bure mtandaoni. Naipa nyota nne kati ya tano.

Picha zilichukuliwa Agosti 2019. Roboti ndogo yenye kamera iliingizwa kupitia matundu ya sitaha ya juu, ikaongozwa kwa waya chumba baada ya chumba, na katika mizamo saba ilikagua zaidi ya vyumba 20 vya sitaha ya chini. Ubora wa filamu umo katika kinachoonekana humo: sahani na glasi zingali zimepangwa kwenye rafu, vitanda na meza viko mahali pake, na katika chumba kikuu cha nahodha Francis Crozier kuna meza yake ya kuandikia, makabati ya ramani na stendi ya miguu mitatu, vyote vikiwa vimefunikwa na tope laini. Tope hilo linaudhi macho, lakini ndilo lenye matumaini, kwa sababu chini yake, penye baridi, giza na hewa kidogo, hata karatasi zilizomo kwenye droo zinaweza kuwa zimesalimika. Mlango mmoja tu katika sitaha hiyo ulikutwa umefungwa, nao ni wa chumba cha kulala cha nahodha. Roboti haikuingia, na mimi naona hilo ni sifa kwa watafiti, maana mwenye pupa angeuvunja.

Nyota moja naiondoa kwa sababu filamu inaanzia meli ikiwa imekwisha kupatikana, ilhali kupatikana kwake ni kisa kizima. Baada ya mabaharia kuzihama meli hizo Aprili 1848, wote wakafa, na Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, waliosimulia waliyoyaona walibezwa London kwa miaka mingi. Erebus ilipatikana mwaka 2014 mahali ambapo masimulizi yao yalielekeza. Miaka miwili baadaye Sammy Kogvik, Mwinuiti wa Gjoa Haven, kijiji cha kaskazini mwa Kanada, aliwaambia wenzake katika chombo kilichokuwa kikiitafuta Terror kwamba aliwahi kuona mti kama mlingoti umechomoza kwenye barafu katika ghuba ambayo, ajabu ya mambo, tayari ilikuwa ikiitwa Terror Bay. Wakageuza njia, wakaikuta meli imekaa wima kwenye kina cha mita 24 hivi. Soma habari hizo kwanza, ndipo utazame, usije ukadhani sifa zote ni za mitambo.

Maelezo yapo kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo wasomaji wa Lubumbashi au Goma wanaweza kuchagua toleo la Kifaransa. Usiitazame kwenye simu kwa ubora wa chini kwa kubania bando: vyumba vina giza, na picha ikipungua ubora rafu na sahani hugeuka kivuli kimoja. Tafuta kompyuta au televisheni, na uongeze mwangaza wa kioo kabla ya kuanza.