Fundi wa Masasi: mshono nampa tano, mdomo nampa moja

Nilipeleka doti tano za kitenge kwa fundi mmoja hapa Masasi mjini, sare ya mashangazi na mama wadogo, kwa shughuli ya kumtoa jandoni mtoto wa kaka yangu. Duka silitaji. Wanaoshona kwake watamjua kwa karatasi aliyobandika juu ya kioo: Kumbukumbu la Torati 22:5, ule mstari wanaoutumia kuwakataza wanawake suruali.

Kwanza kazi, maana ndiyo niliyolipia. Gauni ni shilingi 25,000, bitana juu yake. Maua ya kitenge ameyakutanisha mgongoni mpaka huoni zipu ilipo. Kwenye mbavu ameacha kitambaa cha kuachia ukinenepa, na mimi kila msimu wa korosho hunenepa. Alisema siku sita, kweli siku ya sita matatu yalikuwa yananing'inia. Fundi wa kushika siku ukimpata, usimwachie.

Basi mdogo wangu akaja kujaribu la kwake, likamkaa, akapiga kigelegele mle mle dukani na kutaja jando. Fundi akaweka mkasi chini.

"Mama, umeokoka?" Mimi ndiye niliyeulizwa, si yeye mwenye kigelegele. Nikamjibu mimi ni Mwanglikana, nimebatizwa mchanga, kipaimara nimepata. Akasema maji ya utotoni hayahesabiki, na nguo za mizimu hatii sindano tena. Wateja wanne wamekaa kwenye benchi wanasikiliza, mmoja wao mwalimu wa wanangu.

Mizimu! Kanisa lililofika Masasi mwaka 1876 lilishakaa na jambo hili kabla baba yake hajazaliwa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakulitupa jando. Aliliingiza kanisani, pakawa na padri na sala pale palipokuwa na matambiko. Babu yangu alipita jando la namna hiyo, akafa mzee wa kanisa, na leo kijana mwenye futi shingoni ananiambia babu alikwenda kuzimu. Hakusema hivyo kwa maneno, lakini nilielewa.

Na kama ni sura ya 22, angeshuka kidogo tu hadi mstari wa 11, unaokataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Huo ndio wa mafundi. Kwenye kioo haupo.

Kwa pesa lakini simsingizii. Advansi ya magauni mawili yaliyobaki, 50,000, alinihesabia papo hapo bila kuombwa, na vitenge akavikunja vizuri akaviweka kwenye mfuko. Nimeshona miaka mingi, sijawahi kurudishiwa advansi na fundi yeyote, aliyeokoka wala asiyeokoka.

Doti mbili zile tukampelekea mzee wa barazani mtaa wa pili, Mwislamu, ambaye aliuliza tu, "Mikono mirefu au mifupi, mama?" Akachukua 15,000 kwa gauni. La kwangu zipu iliachia ngoma haijaanza hata kuwambwa, nikashinda nimejifunga kanga, nawaangalia wenzangu watatu walivyopendeza.